Baba mkwe hakumtaka paka wangu ndani, ila ndiye aliyenishikia nikaosha kidonda

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachowasimulia ni cha kwangu mwenyewe na sijakitia chumvi, labda ile ya kuoshea kidonda tu, nayo mtaikuta huko mbele.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nyalikungu hapa Maswa. Nauza mchele na dengu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mume wangu ni fundi ujenzi na kazi zake nyingi ziko Bariadi, kwa hiyo siku nyingi nyumba inabaki kwangu na wanangu wa shule.

Na paka.

Anaitwa Diwani, kwa sababu anazunguka mtaa mzima, kila nyumba anafahamika, na kazi anayofanya huko haijulikani. Ila kwenye magunia yangu hana mchezo. Kabla yake panya walinitobolea hayo magunia hadi nikafikiria kuacha biashara. Kwa hiyo mkiona namlilia paka msinicheke, yule ni mfanyakazi mwenzangu.

Sasa baba mkwe akaja kutoka Mwamapalala kutibiwa macho. Ni mzee wa ng'ombe na pamba, mtaratibu, wa maneno machache.

Kwa wasiojua, kwenye familia ya mume wangu mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Napiga goti, nasalimia, naweka chakula, natoka. Mkono hatupeani. Akiwa na jambo na mimi anampigia mwanawe, halafu mwanawe ananipigia mimi. Niko jikoni, mzee yuko sebuleni, ujumbe unapitia Bariadi kwanza.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa huu: paka atoke. Mzee ana imani zake za zamani, kwake paka anayelala ndani na watu ana aliyemtuma.

Mume wangu akaniambia kwa upole, "Mama Neema, mtafutie pa kumweka mpaka mzee aondoke."

Pa kumweka ni wapi? Jirani ana mbwa wakali. Na paka ukimhamisha anaweza asirudi tena, mnajua wenyewe.

Kabla sijaamua, asubuhi moja Diwani akarudi anachechemea. Paja la nyuma limechanika, nadhani ni senyenge. Kidonda chenyewe kidogo kama ukucha wa kidole gumba, juu juu tu, ila inzi walishaanza kukizunguka. Niliogopa. Kumtoa akiwa mzima labda ningejikaza. Kumtoa anachechemea, kwa majirani wenye mbwa, ni kumuua.

Nikampigia bwana mifugo wa kata yetu, kijana mmoja mstaarabu. Akacheka kwanza, maana amezoea simu za ng'ombe. Halafu akauliza kama kimeingia ndani, kama kinanuka, kama kina usaha, na kama mgonjwa anakula. Nikamwambia anakula kuliko mimi.

"Basi hicho unakimudu hapo hapo nyumbani," akasema.

Chemsha maji, tia chumvi kidogo, acha yawe vuguvugu. Punguza manyoya pembeni, osha taratibu kwa kitambaa safi, kausha. Asubuhi na jioni. Spiriti hapana. Vidonge vya maumivu vya binadamu hapana kabisa, vinaua paka. Na dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe, usithubutu. Ukiona kinavimba au kinatoa usaha, umlete.

Kusikiliza ni rahisi, wakuu. Nikimshika paka, mkono wa kuoshea sina. Nikimwachia nioshe, paka sina. Nikamfunga kwenye khanga, akaondoka na khanga yangu hadi uvunguni. Watoto wako shule. Nikakaa uani na beseni langu, machozi yakanitoka, na sidhani yote yalikuwa ya paka.

Kumbe mzee alikuwa mlangoni ananitazama. Akachukua kofia yake akatoka. Nikasema basi, ameenda kumpigia mwanawe.

Akarudi na kichupa. Alikwenda mpaka duka la pembejeo kwa miguu, na macho yake yale. Akakiweka karibu na beseni, akarudi nyuma kidogo kama desturi.

"Mpake hiyo, mayu. Ng'ombe wangu wakichanika ndiyo nawapaka, inzi hawasogei." Mayu kwao ni mama.

Dawa ya josho.

Hebu jiwekeni kwenye nafasi yangu. Mzee asiyemtaka paka kamnunulia dawa bila kuombwa, na mimi mkamwana nimwambie hapana? Nikampigia tena bwana mifugo, nikaweka spika, nikamwomba amweleze mzee mwenyewe. Wakaanza salamu za Kisukuma, na zile haziishi haraka, hadi hali ya ng'ombe iliulizwa. Ndipo kijana akasema, "Baba, hiyo ni nzuri kwa ng'ombe. Paka atailamba, itamtetemesha mpaka afe."

"Ng'ombe naye anajilamba," mzee akasema.

"Anajilamba, baba, ila mwili wa paka hauiwezi sumu hiyo. Hata kidogo inamzidi."

Mzee akakiokota kichupa, akakifunga kwenye leso, akasema kitakwenda Mwamapalala kwa wenyewe. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, karibu mno, akakunja mikono ya shati.

"Mlete huyo mtu wenu."

Yule mzee anajua kushika mnyama. Mkono mmoja kwenye ngozi ya shingo, mwingine kifuani, anamsemesha polepole kwa Kisukuma kama anavyowasemesha ndama wake. Diwani alimparua hadi damu ikatoka, mzee hakuachia.

"Osha, mayu. Osha usiogope."

Nikaosha, nikakausha, nikamvalisha kola niliyoikata kwenye boksi la biskuti asije akajilamba.

Diwani alipoachiwa ndipo nikauona vizuri mkono wa mzee. Paka wangu amepata chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini mikwaruzo ya paka lazima ioshwe kwa sabuni na maji mengi, hili msilipuuze. Nikasogeza jagi na sabuni, nikainamisha macho, nikisubiri aoshe mwenyewe. Akawa anapapasa, haoni imeanzia wapi. Mwisho akaunyoosha mkono kwangu.

"Na mimi nioshe, mayu."

Nikamwosha. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumgusa baba mkwe. Nilipomaliza akasema, "Wabeja." Yeye ndiye ananishukuru, wakati wa kushukuru ni mimi.

Baada ya hapo, asubuhi na jioni namkuta ameshakaa kwenye kigoda kabla sijamwita. Kidonda kikakauka, gamba likadondoka, manyoya yakaanza kuota. Habari ya paka kutoka sikuisikia tena hadi mzee anarudi kwake.

Nilichojifunza ni kwamba kidonda kidogo cha paka hakitaki dawa kali. Kinataka maji safi, chumvi kidogo na mtu wa kukushikia. Dawa ya ng'ombe iacheni kwa ng'ombe, na kidonda kikiwa kirefu au kikinuka msikae nacho nyumbani. Wataalamu wa mifugo mliomo humu nirekebisheni nilipokosea. Na wenye wakwe waliowashangaza nao wamwage visa vyao, nitasoma vyote.

Nilitaka kuishia hapo, ila juzi simu yangu imeita, ni mzee kutoka Mwamapalala. Nikajua amekosea namba. Akauliza Diwani anatembeaje, nikamwambia anakimbia. Hakukata simu. Nikamwambia mwanao leo yupo, ngoja nimpe simu.

"Mwache kwanza," akasema. "Na wewe, mayu, umeamkaje?"