Walii Yuko Mahabusu

Nilimwomba mume wangu kitu kimoja tu: anyamaze mpaka binti yetu aolewe. Ndoa ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu yeye alikuwa ndani. Kazi yake ni kuwasemea wakulima wanaonyang'anywa mashamba, na hajawahi kumrushia mtu hata kokwa la embe. Lakini polisi wamemzoea kama mteja. Wanamkamata, wanasema uchochezi, wanamweka, wanamwachia, kisha wanaanza upya. Nimechoka, na nilimwambia hivyo. Akasema, "Nimekusikia, mke wangu. Nitakaa kimya."

Ijumaa ya ndoa, pilau iko jikoni, wakwe wako njiani kutoka Vigwaza, akaja jirani yetu analia. Mumewe kakamatwa kwa kulima shamba alilorithi kwa babu yake. Mume wangu tayari alikuwa amevaa kanzu mpya ya kumwozeshea mwanawe. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Naenda kuuliza tu. Narudi kabla ya adhana."

Yeyote aliyewahi kuishi naye angejua. Adhana ikatoka, yeye hakurudi.

Shehe akatuambia kwamba binti ana baba aliye hai, naye ndiye walii wake, kwa hiyo mtu mwingine hawezi kumwozesha mpaka baba mwenyewe atamke kuwa amemwakilisha, yaani amempa idhini ya kusimama badala yake. Tukaenda kituoni, shehe, shemeji yangu, na mimi na hasira zangu. Tulimkuta nyuma ya nondo, peku, kanzu imejaa vumbi. Shehe akamweleza kwa upole. Mume wangu akatikisa kichwa.

"Niwie radhi, shehe. Sikufanya kosa. Nikimwakilisha mtu, ni kama nimekubali kuwa hapa ndipo pangu. Mwanangu nitamwozesha mwenyewe."

"Lini?" nikamwuliza. "Ukitoka wanakurudisha. Mtoto azeekee mikononi mwangu akingoja haki ipatikane?"

Askari wa zamu akajifanya anashughulika na simu yake. Mume wangu alitazama miguu yake, kisha akamgeukia mdogo wake, akasema, "Nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilitoka nje nikalia kwa hasira. Miaka yote hiyo polisi walishindwa kumfanya akubali chochote, mimi nikaweza kwa maneno mawili matatu.

Ndoa ikafungwa alasiri ileile. Shemeji alijibu vizuri kila alichoulizwa, watu wakala wakashiba.

Kesho yake asubuhi wakamwachia, yeye na yule mkulima. Hakuna kesi, walisema. Alikuja na kanzu ileile akatukuta tunasugua masufuria. Akasimama mlangoni, akauliza mwanawe yuko wapi.

"Kwa mumewe," nikasema, nikaenda kumpashia moto pilau iliyobaki.