Tundu la Kilindini

Harufu ya klorini hunikosesha utulivu mpaka leo. Ikinipita puani tu, miguu huanza kunicheza kama nina miaka tisa, nami humwona baba akichora bwawa kwa chaki kwenye saruji ya ua wetu kule La Rochelle, ughaibuni.

Baba ni mtu wa Tanga, na kazi yake ilikuwa kusafisha mabwawa ya matajiri. Shuleni kwetu mafunzo ya kuogelea yalikaribia kuanza, akakataa kutia sahihi fomu mpaka nizijue sehemu zote za bwawa. Nikakariri huku nikirukaruka: mdomo wa ukutani unaonyonya majani, pampu, chujio la mchanga, matundu yanayorudisha maji safi, sakafu inayoteremka ghafla kuelekea kilindini. Mwisho, tundu la chini kabisa, ambalo kifuniko chake sharti kikazwe, maana pampu haichagui jani wala mguu wa mtoto. Nikinung'unika, baba alinijibu kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Msinicheke, niliichukia methali ile.

Hatimaye akasaini. Lakini siku ya kwanza akatokea shuleni na ovaroli lake, wakati tumeshapanga mstari ukingoni, hatutulii kwa hamu. Akalala kifudifudi, akachungulia, akaona kifuniko cha kilindini kimelegea upande mmoja. Akamwomba mwalimu asiingize mtoto yeyote. Mwalimu, ambaye nilishamtambia kwamba baba yangu ni mtu wa bahari, akamtania azame akikaze mwenyewe. Baba aliyatazama maji, ameshika wavu wake wa mpini mrefu. Somo likaahirishwa, tukarudi darasani wakavu. Wenzangu wakanibandika jina la Pampu, nami nikamnunia baba hata fundi alipokwisha kukikaza na mimi kujua kuogelea.

Juzi nilimpeleka binti yangu bwawani, baba akafuatana nasi. Aliketi mbali na ukingo, akamwuliza mjukuu wake tundu la chini liko wapi. Nikacheka. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakuzama, na yeye ni mtu wa Tanga.

"Sijui kuogelea, mwanangu," alisema. "Ungevutwa kule chini, ningekutoaje?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza. Kumbe alinikaririsha kila tundu la bwawa kwa sababu asingeweza kuingia kunifuata.