Mkaja wa Buluu

Barua zangu mbili zilifika siku moja. Hazikuandikwa siku moja, ila mto ulikuwa umefurika na barabara ya Garsen ilikuwa chini ya maji, kwa hiyo kila kitu cha mwezi ule kilitufikia kwa mtumbwi mmoja: barua, chumvi, mafuta ya taa, na bwana wa mifugo ambaye hakuna aliyemwita. Mwalimu wangu alizileta mwenyewe mpaka shambani, suruali kaikunja magotini. Baba alikuwa akikata ndizi. Alisikiliza zote mbili zikisomwa mpaka mwisho, akauliza kama kuna ya tatu, akaendelea kukata.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, msichana wa kwanza kijijini kwetu kufanya hivyo, na watu walilitaja jambo hilo kwa sauti ileile waliyotumia kutaja kwamba meno yangu yamepishana. Barua moja ilitoka Mombasa, walikofundishwa wauguzi. Nyingine ilitoka chuo cha ualimu cha wasichana, milimani huko, mbali hata na reli. Vyote viwili vilinikubali. Vyote viwili vilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Fomu za maombi tulikuwa tumezijaza zamani, Baba akijibu na Mwalimu akiandika. Penye tarehe ya kuzaliwa, Baba alisema nilizaliwa mwaka ule maji yalipoingia ghalani. Maji yalikuwa yameingia ghalani miaka mingi, kwa hiyo Mwalimu akachagua mmoja uliomfaa. Penye kazi ya mzazi, Baba hakukubali iandikwe mkulima tu, kwa kuwa hata jirani yetu aliyekuwa akilala mpaka jua la saa nne alijiita mkulima. Ikaandikwa mkulima wa mpunga, ndizi na muhogo, kando zote mbili za mto. Penye sahihi aliweka kidole gumba, kisha akaweka na cha mkono wa pili, wasije wakasema hakukusudia.

Nilitaka ualimu. Nasema hivyo kwa sababu katika mambo yote yaliyofuata hakuna aliyeniuliza.

Kwa Baba jambo lilikuwa jepesi. Kuna watu wa mbali, hatuwajui, wamemtaka binti yake aende akae kwao, ale kwao, afuate amri za kwao. Jambo hilo lina jina na lina utaratibu. Posa haijibiwi siku inapoletwa. Wakija mara ya kwanza huambiwa tumesikia. Wakija mara ya pili huambiwa tunaulizana. Mwenye kujibu mara moja anatangaza kwamba binti alikuwa anamwozea ndani.

Mwalimu alimweleza kwamba hii si posa. Alimweleza kwa upole, kisha kwa ramani, kisha kwa kukata tamaa. Alimwambia tarehe ikipita nafasi itapewa mwingine. Baba akafuta panga kwenye jani la mgomba.

"Mchumba akikwambia nijibu kabla ya mwisho wa mwezi au nitaoa kwingine," akasema, "huyo kwingine anako tayari."

Basi tukanyamaza. Mwezi ukaisha tukiwa tumenyamaza. Sijapata kumchukia Baba kama nilivyomchukia wiki zile, na nilimchukia kwa adabu, nikimpelekea chakula kwa mikono miwili. Halafu ikaja barua ya Mombasa kusema nafasi imejazwa. Baba alifurahi kama mtu aliyeokoa ng'ombe kwenye tope. Mama alifurahi zaidi, maana alikuwa amesikia kwamba wauguzi huosha maiti wasiowajua.

Wiki moja baadaye ikaja ya chuo cha ualimu. Mkuu wa chuo aliuliza kama barua yake ya kwanza ilitufikia, kwa kuwa alikuwa bado ananingojea. Mwalimu aliisoma mara tatu, hakuamini. Baba hakutaka hata ya pili. Watu walikuwa wameuliza tena. Inaniuma kukiri kwamba Baba alikuwa amepatia, lakini alikuwa amepatia.

Sasa ikabaki kwa Mama, na kwa Mama ndiko kulikokuwa na kazi.

Mama alizaliwa Ozi, na huko kwao binti hatoki nyumbani bila mkaja. Mkaja ni kitambaa apewacho mama wa bibi arusi. Mwanamke akizaa hujifunga tumbo kwa nguo, na siku ile mtoto anapochukuliwa, wanaomchukua humletea mama nguo nyingine, kukiri kwamba tumbo lile liliuma. Si kitu kikubwa. Aliye fukara kuliko wote hutoa mkaja hata akikosa mengine yote.

Dada yangu mkubwa aliolewa Lamu, na mwenye kuoa alisema mkaja utafuata. Haukufuata. Dada tulimwona mara moja tu baada ya hapo, amekonda, hataki kusema, na mwaka uliofuata tukaletewa habari kwamba amekufa kwa uzazi. Mama aliyaunganisha mambo hayo mawili, na katika ukoo wetu hakutokea mtu wa kwenda kumtenganishia.

Kwa hiyo Baba alipomwambia kwamba watu wa chuo wameuliza mara ya pili, Mama hakupinga. Alisema tu kwamba hajaona mkaja. Aliambiwa chuo hakina mambo hayo. Akasema, na yeye hana binti wa kwenda huko. Akarudi kwenye chungu chake, na sisi sote tukajua kwamba barua za dunia nzima zingeweza kuja, nisingetoka.

Aliyetumwa ni Mjomba, kaka yake Mama, aliyezoea kupeleka mikeka Mombasa na kwa ajili hiyo alihesabiwa kuwa anaijua dunia. Baba alimpa kikapu cha mchele, asali, na jogoo ambaye sielewi mpaka leo alikubaliwaje kwenye treni. Alikuwa na mambo matatu: kuitazama nyumba ile ni ya watu gani, kuwaambia tumekubali, na kuuliza mkaja. Kusema kwa mdomo, Baba alisema, kwa sababu jambo la heshima halitiwi ndani ya bahasha.

Alikaa wiki mbili na siku kadhaa. Aliporudi alikunywa maji kwanza, akaoga, akala, akauliza habari za mpunga. Nilikuwa nimesimama mlangoni muda wote huo na mguu mmoja umekufa ganzi. Kisha akatoa taarifa. Nyumba ni ya mawe, safi, ina wasichana wengi wanaotembea kwa mstari. Samaki hawana. Ndizi zao ni ndogo na zina huzuni. Mkuu wa nyumba ni mama wa Kizungu asiye na mume. Alimuuliza kwa nini, naye akajibu kwamba hakupata nafasi, jibu ambalo Mjomba aliliona la mtu mkweli. Hakuna wazimu katika ukoo wake ila shangazi mmoja.

"Na lile?" Mama akauliza.

Mjomba akafungua mkeka aliokuwa ameuviringisha, akatoa kitambaa. Kilikuwa cha buluu, kizito, kipya, kimekunjwa vizuri kikafungwa kwa uzi. Alisema hakupata taabu yoyote. Alianza tu kutaja kwamba kuna habari ya kitambaa, na yule mama akainuka papo hapo akaingia chumba cha ndani akakileta, kama mtu aliyekuwa anajua.

Mama hakukigusa. Alikitazama. Kisha akaona karatasi ndogo iliyochomekwa kwenye uzi, akaichomoa, akanipa mimi, maana Mwalimu hakuwapo.

Ilikuwa ya Kiingereza, na haikuwa ndefu. Ilisema kitambaa hiki ni cha magauni mawili ya sare, yashonwe kabla ya mwanafunzi kufika. Ilisema asiyekuwa na sare hatapokelewa.

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile na nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo wangu. Nilielewa kila neno. Nikisoma ilivyo, Mama angenirudishia kitambaa na nisingekwenda. Nisiposoma ilivyo, ningekwenda na kurudishwa kutoka mlangoni. Mama alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, ananingoja nimsomee, na alikuwa na uso ule aliokuwa nao siku dada alipoondoka.

"Imesema," nikasema, "'Kwa mama wa mtoto. Tunajua kwamba mtoto huyu ana mama.'"

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema hivyo."

Hapo ndipo alipokichukua. Alikikunjua, akakinusa, akajifunga kiunoni juu ya leso yake, akalia. Baba akatoka nje kutazama mtumbwi ambao haukuwa na shida. Mjomba aliniangalia kwa muda, kwa kuwa Kiingereza hakukijua lakini watu aliwajua, halafu akaomba kahawa.

Wiki iliyofuata niliondoka. Baba alinivusha mpaka kivuko cha Garsen, na kabla sijapanda lori aliniambia maneno anayoambiwa bibi arusi, kwamba nimetolewa, sikutupwa, na njia niliyoondokea haijafungwa. Nilikuwa na sanduku la bati na ndani yake magauni mawili ya maua. Njia nzima, Malindi, Mombasa, na kwenye treni, nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia mkuu wa chuo.

Wasichana wote walikuwa wamepangwa uani kwa buluu. Mimi nilikuwa na maua. Mkuu wa chuo, mama mrefu mwenye soksi nzito, alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akauliza kwa Kiswahili chake cha bara kitambaa nilichopewa kiko wapi.

"Mama yangu amekivaa," nikasema.

Alinipeleka ofisini. Nilimweleza habari ya mkaja, na ya dada, kwa Kiswahili changu ambacho hakikukutana na chake mara nyingi. Aliniambia nianze tena tangu mwanzo. Nikaanza tena. Alisema mjomba wangu alipotaja kitambaa, yeye alimwona kuwa mtu wa mipango, akafurahi.

"Karatasi uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukaielewa?"

"Niliielewa."

"Na bado ukamwachia."

"Ndiyo, Mama."

Alipanga penseli zake ambazo zilikuwa zimepangika. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilihesabu kwato za mbuzi waliokuwa wanapita nje. Mwishowe alisema kanuni ni kanuni, na kwa hiyo nitasimama mwisho wa mstari mpaka nipate sare, na nitaishona mwenyewe. Akaingia chumba cha ndani, akatoka na kitambaa kingine.

Sikuwa najua kushona. Gauni la kwanza mkono wake mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na nililivaa miaka miwili.

Likizo ya kwanza tuliamriwa kusafiri na sare, ili tukipotea tujulikane ni wa nani. Nilisafiri nayo kwa fahari mpaka Garsen, nikapanda mtumbwi nayo kwa fahari, na tulipokata kona ya mwisho ya mto ndipo nilipomwona Mama kwenye ukingo, amesimama kunipokea, amejifunga mkaja wake. Alikuwa akiuvaa kwa mambo makubwa tu, harusi na mazishi. Sanduku langu lilikuwa chini ya magunia matatu ya watu wengine. Hakukuwa na la kufanya ila kufika.

Baba aliangalia gauni langu, akaangalia kiuno cha Mama, akaona kitambaa ni kimoja. Alipendezwa sana. Aliwaambia watu waliokuwa pale kwamba wale wa milimani ni waungwana, wametoa mara mbili. Akabeba kikapu akatangulia.

Mama alibaki. Alishika ule mkono wa gauni ulio mrefu, akaupima kwa kidole, akausugua.

"Ile karatasi ilisemaje?" akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kusema uongo mmoja maishani na ulinitosha. Nikamwambia. Magauni mawili, yashonwe kabla ya kufika, asiyekuwa na sare hatapokelewa.

"Na lile la kwamba wanajua una mama?"

"Hilo nilisema mimi."

Aliuachia mkono wa gauni. Mtumbwi ulikuwa unateremshwa magunia nyuma yetu, na mtu mmoja alikuwa analalamika kwamba lake limelowa. Nilingoja aufungue ule mkaja anirushie, na ningeupokea, maana ilikuwa haki yake.

"Ningejua, usingeondoka," akasema. Kisha akaukaza kiunoni, fundo juu ya fundo. "Basi aliyenipa mkaja ni wewe."

Akainua sanduku langu, akajitwika, tukapanda ukingo kwenda nyumbani.