Hoteli ya Mapaa Mawili

Tangu niolewe, mama hakuwahi kulala kwangu. Si kwamba hakutaka. Kwetu Nyakach mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, na mama hakuwa mtu wa kulegeza mila eti kwa sababu binti amehamia Nakuru. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwake Pap Onditi, naye akiniuliza habari za mjini kana kwamba nimetoka ng'ambo. Alitamani hasa kuona ndege ikitua.

Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikagundua hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu. Ilikuwa ya bei nafuu kwa sababu kila ndege ikipita vikombe vinalia kabatini, lakini uzuri wake kwangu ulikuwa mmoja tu: majengo mawili. Nilienda kuyakagua mwenyewe. Nilizunguka huku nimeinua shingo, nikahakikisha mabati hayagusani hata kwa mfereji wa maji.

"Madam, unatafuta nini huko juu?" karani wa mapokezi akaniuliza. Alikuwa kijana wa huko kwetu kabisa. Nilipomweleza alicheka, akasema hata yeye ana mila, akatuwekea chumba kimoja mbele na kimoja nyuma.

Mama alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Hoteli si nyumba ya mkwe, nilimwambia, na mapaa ni mawili. Mwishowe alikubali, akashonesha na nguo.

Jumamosi ile alikuja kwa basi, nikampokea. Mume wangu alikuwa ametutangulia hotelini na gari letu bovu. Tulipofika kaunta, karani alimwamkia mama kwa heshima zote, kisha akanigeukia.

"Madam, ile rumu ya nyuma imechukuliwa. Kuna mkubwa fulani wa Milimani, mgeni wake anakuja na ndege. Lakini usijali, tumeweka kitanda ya tatu kwa rumu yenu. Mtatoshea wote."

Aliyasema hayo mama akiwa nyuma yangu na nguo yake mpya. Mume wangu alikuwa nje kando ya gari, na mlango ulikuwa wazi. Mama aligeuka akatazama ukuta. Aibu ilimjaa mwili mzima, na wala haikuwa aibu yake.

Nilipandwa na hasira hata kaunta nikaiona ndogo. "Wewe ni mtoto wa nani?" nikamuuliza. "Wewe utalala rumu moja na mama ya bibi yako?"

"Madam, si mimi. Ni mkubwa alipiga simu."

Enzi zile kila kitu kilikuwa ni mkubwa amepiga simu. Ukikosa kitanda hospitalini, mkubwa amepiga simu. Ukikosa kiti kwenye treni, ni yeye yule. Nikamwitisha meneja. Meneja, nikaambiwa, ametoka kidogo. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaokota kiondo chake na kufika mlangoni.

"Nirudishe kwa basi," akasema.

Mume wangu alikuwa amesikia yote. Hakukaribia, kwa kuwa mama alikuwa mlangoni, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani wala hawasemezani ana kwa ana. Aliniita kutoka pale garini: "Mwambie mama mimi nitalala hapa ndani ya gari."

Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana hata wakinong'ona, lakini nilimgeukia mama nikasema, "Anasema atalala kwenye gari."

"Mwambie mtu hawezi kulala kwenye gari kama gunia."

"Anasema huwezi kulala kama gunia."

"Mwambie gari pia lina paa. Hilo ni langu, lile lingine ni lake."

Nikawa nabeba maneno kama simu ya upepo, hapa na pale, mpaka mama akaweka kiondo chini. Usiku huo nililala naye. Kitanda cha tatu kilikaa kitupu.

Asubuhi nilipita jengo la nyuma. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi, mama mmoja anafagia. Shuka lilikuwa limenyooshwa vizuri, na sabuni ilikuwa bado ndani ya karatasi yake.

"Mgeni ameamka mapema?" nikauliza.

"Mgeni gani, Mama? Hapa hakuna mtu alilala."

Nilimwendea karani. Hata hakubisha. "Ni kweli hakuja, Madam. Lakini je, angekuja?"

Nikatoka nje nimewaka moto, niwaambie wote wawili. Ndege ilikuwa inashuka. Mama alikuwa kwenye nyasi, ameshika kitambaa cha kichwa, mdomo wazi. Mume wangu alikuwa kule garini akijikanda shingo.

Ndege ilipokwisha kutua mama alisema, bila kugeuka, "Muulize mkwe wangu kama alilala."

"Mwambie nimelala kuliko hata nyumbani," mume wangu akajibu, shingo imekwama upande mmoja.

"Mwambie ni mwongo." Na mama akacheka. Mume wangu alikuwa hajawahi kusikia kicheko cha mama, naye akainama akicheka pia.

Nikafunga mdomo wangu. Ningewezaje kuwaambia?

Wakati wa kuondoka karani alitusindikiza mpaka mlangoni. "Karibu tena, Mama," akasema, na uso mkavu. Mama alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa kututafutia mahali pa kulala hoteli ikiwa imejaa vile.