Askari Mwenye Jina la Kaka

Wajukuu wamepanga askari wa udongo mezani, na harufu ya udongo mbichi imenirudisha kijitoni kwetu, Mufindi. Nasi tulifinyanga hivyohivyo: leo vita vya Wahehe na Wasangu, kesho vya Wajerumani. Kila askari tulimpa jina la marehemu, kamwe si la aliye hai. Siku moja kaka yangu akampa wake jina lake mwenyewe.

"Piga basi, mwoga wewe," akanicheka.

Nikarusha kokoto, kichwa kikadondoka. Jioni kaka akasema shingo inamuuma. Nikarudi mbio kukibandika kile kichwa kwa mate, hakikushika. Jumapili tukamzika.

Sasa mjukuu aliyerithi jina lake ananyanyua askari.

"Bibi, huyu nimwite jina langu?"

Mwenzake ameshashika kokoto.