Namba Sita za Mama Mikono

Wajawazito wote wa mtaa walimwita Mama Mikono. Kwa ukunga hakuwa na mpinzani. Kwa simu alikuwa mbumbumbu, tena mbishi. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini kila saa, aliwawekea sharti: usinipigie, niandikie. Nikijibu "nakuja", kaa hapohapo, usiende popote. Miaka yote sharti hilo halikumwangusha mtu.

Asubuhi hiyo shoga yake alimtumia ujumbe: bonyeza hapa upate huduma ya dhahabu, uchati bure maisha yako yote, kisha wasambazie wenzako kumi. Cha bure nani akatae? Akabonyeza, akawatumia wajawazito wake tisa na dada yake. Zikaingia namba sita kwenye simu, akazijaza palipoombwa. Akaitia simu mkobani, akaenda zake kuzalisha.

Alipoitoa saa nane kasoro, akaunti yake ya kuchati ilimkana kama haimjui. Akakimbilia kwa binti wa kaka yake, muuza simu wa kona ya pili. Binti alisikiliza, akashika kichwa.

"Shangazi, kuchati si bure tangu zamani? Mtu anayekugawia bure kitu cha bure anataka nini? Na zile namba sita ndizo ufunguo wako, hapewi mtu! Sasa hivi kuna mtu anaandika kwa jina lako na picha yako."

"Anamwandikia nani?"

"Yeyote aliyekuandikia wewe."

Mama Mikono akanyakua simu. Akawapigia wajawazito wake mmoja mmoja. Wanane walipokea, akawakataza kubonyeza chochote. Wa tisa, mwenye mimba ya pacha, simu iliita mpaka ikakata. Mara tatu. Pacha mmoja alikuwa amekaa vibaya, na walikubaliana kwamba uchungu ukianza tu, Mama Mikono atampeleka hospitali mwenyewe.

Alitoka mbio, kandambili moja ikabaki njiani wala hakugeuka. Aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa katika kazi yake.

Alimkuta sakafuni, ameegemea kitanda, nguo imelowa.

"Mbona hupokei simu, mwanangu?"

"Si wewe uliyeniandikia nisipokee, eti kuna matapeli wanaiga sauti yako?" Alikuwa akihema. "Tangu saa nne nakungoja, mama. Ulisema unakuja, nikakaa hapahapa."

Mama Mikono alipiga simu kuita gari. Akapiga magoti, akaweka bomba lake la mbao tumboni na kutega sikio. Moyo mmoja aliusikia. Akasogeza bomba, akautafuta wa pili. Akautafuta tena.

Simu ya mgonjwa ikalia juu ya shuka. Mama Mikono akajiona mwenyewe pale kwenye kioo cha simu, picha yake ileile anayocheka, na chini yake maneno mapya: "Nakuja, mwanangu. Nitumie kwanza zile namba sita."