Njia ya Maporomoko Niliyojidai Naijua

Aibu yangu nimeshaizoea sasa, ndiyo maana naweza kuwasimulia nikiwa nimekaa vizuri namna hii, lakini miezi ya mwanzo nilikuwa nikimwona mwanakwaya yeyote pale Moshi mjini navuka barabara, hata kama duka ninalokwenda liko upande huu huu. Na siwezi kumlaumu mtu. Nilijitakia mwenyewe, kwa maneno machache niliyoyatamka nikiwa nimeshiba chai.

Binti yangu Upendo mnamjua. Alipotuletea habari za Shija, kijana wa Shinyanga anayefanya naye kazi, tulifurahi, na mambo yakaenda mpaka ikapangwa kwamba upande wa kijana walete posa siku ya Jumapili, nyumbani kwa kaka yangu kule Masama, mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo alilotuachia baba. Mama yake Shija akatangulia siku mbili kabla, peke yake, kwa basi, kwa sababu alisema anataka kuona kwanza mwanawe anaoa wapi. Ni mama wa miaka kama sabini, mrefu, mkimya, mtu wa kukuangalia mpaka umalize kuongea, halafu ukishamaliza bado anakuangalia. Mimi nilimwogopa tangu shikamoo ya kwanza.

Ijumaa tukampeleka kwenye chemchemi ya maji ya vuguvugu kule tambarare, chini ya Boma Ng'ombe, ile yenye maji ya buluu kama yametiwa rangi, na viputo vinapanda kutoka mchangani utadhani kuna sufuria imeinjikwa huko chini. Alikaa ukingoni ametumbukiza miguu karibu saa nzima, akauliza maji haya yanatoka wapi. Upendo akamwambia ni ya mlima, yanapita chini ya mawe yaliyoungua enzi mlima ulipokuwa unatema moto. Mama Shija akatikisa kichwa taratibu. Kwao maji unayachimba, na usipobahatika unahamia shimo jingine. Akasema basi kesho angependa kuona yanakoanguka, kama si mbali.

Jumamosi asubuhi tuko kwa kaka, Upendo anamenya ndizi za mtori, kaka ameshika simu anataka kumwita jirani mmoja ambaye kazi yake ni kupeleka wageni maporomokoni. Hapo ndipo nikafungua mdomo.

"Mwongozaji wa nini, kaka? Mimi nimezaliwa hapa. Maji ya pale nimeyachota utoto wangu wote."

(Sikuwahi kuchota maji pale hata siku moja. Mama alitukataza kushuka korongoni, na kati ya watoto wote ni mimi peke yangu niliyetii, kwa uoga tu. Maporomoko nilikuwa nayasikia kwa mbali, nikiwa kitandani, kama mvua isiyofika.) Kaka aliniangalia, akaiweka simu mfukoni, maana asingeweza kuniumbua mbele ya mkwe. Akasema tu, "Muwe waangalifu, usiku kulinyesha."

Tukaondoka wawili, mimi mbele, Mama Shija nyuma. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, njia pana, migomba huku na kahawa huku, na mimi naeleza kila kitu kama mwalimu, huu mti unaitwa hivi, jani hili linatibu hivi (nusu nilikuwa natunga). Tulipofika njia panda nikaona mfereji wa maji unapita pembeni, nikafikiria kwa akili yangu kwamba maji ni maji, yote yanakwenda kuanguka mahali pamoja, tuyafuate. Tukaufuata. Kumbe mfereji ule wazee waliuchimba makusudi upeleke maji majumbani, kwa hiyo baada ya nusu saa ulitufikisha kwenye zizi la mtu.

Mama mmoja alikuwa anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Akaniuliza kwa Kichagga tunakwenda wapi, nikamwambia maporomokoni, akaweka panga chini akashangaa, akaniambia tumepotea, turudi mpaka kule kwenye njia panda tushike kushoto, kwamba huku mbele ni korongo tupu na mtu hapiti.

"Anasemaje?" Mama Shija akauliza.

"Anasema tumekaribia."

Ningeweza kuishia pale. Kurudi ilikuwa ni nusu saa tu, lakini kurudi kulitaka maelezo, na maelezo sikuwa nayo, na tayari nilikuwa nausikia mngurumo wa maji pale chini, karibu kabisa, kiasi kwamba niliona ni suala la kushuka tu. Tukashuka.

Sasa ardhi ile ikaacha kuwa shamba. Ni mawe meusi yenye matundu kama mkate ulioungua, makubwa kuliko nyumba, yameota kuvu ya kijani, na katikati yake udongo mwekundu unaoteleza kama umepakwa samli. Ukungu ulikuwa umeshuka, mizizi inaning'inia, mimi naruka huku nashika kule na bado nageuka kumwambia mkwe, "Hapa tulikuwa tunakimbia na ndoo kichwani." Alikuwa ananiangalia tu. Nikamwomba anipe mkono, na kabla hajaunyoosha, akateleza.

Alipita pembeni yangu amekaa, akashuka kama hatua kumi, akakamatwa na mzizi kwenye ukingo wa jiwe. Chini ya lile jiwe niliona povu jeupe la maji. Mwenzangu hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile ile ya mezani, "Mama Upendo, mguu wangu haupati pa kukanyaga."

Jamani, moyo wangu. Nilimwona Upendo na ndizi zake, nikamwona Shija anashuka kwenye basi anauliza mama yuko wapi. Sikufikiri mara mbili, nikafungua kitenge nilichojifunga, nikabaki na blauzi na shimizi, nikafunga ncha moja kwenye shina la mti mdogo, nikamrushia ncha nyingine. Akaishika. Nikaanza kushuka kwa makalio nimfikie, nikamfikia, nikamkumbatia kiunoni, nikamwambia, "Nimekupata, mama, sasa kanyaga hapa kwenye goti langu." Akakanyaga. Na udongo wote niliokalia ukaondoka.

Tuliteleza tumekumbatiana, mgongo kwa mgongo wa mlima, tukapita kwenye mabua na majani mapana yanatuchapa usoni, kitenge kikabaki kule juu kinapepea, na mimi naita jina la Bwana Yesu kwa nguvu zangu zote, mpaka tukatua tumekaa, wote wawili sambamba, kwenye maji yanayofika kiunoni, ya baridi ambayo siwezi kuieleza.

Nikafumbua macho nikaona watu. Kiasi cha arobaini, wamevaa njano tupu, wamepangwa juu ya mawe mbele ya maporomoko, mikono imeinuliwa juu wamesahau kuishusha. Mbele yao kuna kamera. Walikuwa wanarekodi video. Midomo yote ilikuwa imefungwa, lakini spika ilikuwa inaendelea kuimba yenyewe, sauti ya kwanza, ya pili, zote, kuhusu kusimamishwa juu ya mwamba.

Na haikuwa kwaya ya ugenini. Ilikuwa kwaya ya usharika wetu wa mjini, ambao mimi ni katibu wa umoja wa wanawake, na wiki mbili tu kabla ya hapo nilisimama kikaoni kwa ukali nikiwasema mabinti hawa hawa kuhusu urefu wa sketi zao. Sasa nimekaa mbele yao na shimizi jeupe lililolowa, na shimizi likilowa mnajua kazi yake inakuwa imeisha.

Mwalimu wa kwaya akaingia majini na viatu vyake. "Mama Upendo? Ni wewe?"

Nikamwambia hapana. Sijui kwa nini, lilinitoka tu.

Halafu nikapata akili, nikasema, "Mwangalieni mama, mimi niacheni." Wale mabinti wakaja mbio, hakuna hata mmoja aliyecheka (walicheka baadaye, na walicheka sana), wakatuzungushia vitenge vyao vya akiba, wakatutoa. Mmoja wao ni muuguzi. Akamshika Mama Shija miguu, mikono, mbavu, akamgeuza shingo, akamuuliza maswali, kisha akaniambia, "Mzima. Amechubuka kiwiko na amepoteza ndala moja." Niliposikia hivyo nikaanza kulia, si kidogo, kilio cha mtoto, makamasi na yote, nimekaa juu ya jiwe na kitenge cha njano begani.

Mama Shija akaja akakaa karibu yangu. Akaniangalia kama kawaida yake.

"Kumbe huijui njia," akasema.

"Siijui, mama. Sijawahi kufika hapa maishani mwangu. Nisamehe."

"Mimi nilijua tangu kule kwenye ng'ombe. Yule mama hakuwa anasema tumekaribia. Alikuwa anaonyesha nyuma."

"Sasa kwa nini hukuniambia turudi?"

Akapangusa tope kwenye kiwiko. "Niliona aibu. Magoti yananiuma tangu juzi kwenye basi, na kule kwenye mfereji ndiyo yalinishinda kabisa. Nikasema nikitaka kurudi, utadhani mama wa kijana ni mgonjwa, mtamrudisha na posa yake."

Tukatazamana. Nilimwona mdomo unamcheza pembeni, halafu kikamtoka kicheko ambacho sikujua anacho, kinene, kinatoka tumboni, na mimi nikacheka huku bado nalia, na maji yale yananguruma nyuma yetu, mazuri kweli, meupe, yanaanguka kutoka juu kabisa kwenye ukuta mweusi. Ndipo nikayaona kwa mara ya kwanza. Nina miaka hamsini na mbili.

Tulipanda kwa njia halali, ambayo ina ngazi na kamba ya kushikilia. Nyumbani kaka aliangalia tu kitenge cha njano akaingia ndani. Mama Shija akala mtori bakuli mbili, akasinzia kwenye kiti barazani, na mimi nikakaa mbele yake mchana wote kama mlinzi nahesabu anavyopumua, kila akivuta pumzi nashukuru. Jumapili posa ikaletwa, ikapokelewa. Video nayo ilitoka, mpiga picha ni mtu wa heshima, ametukata, ila kwenye ubeti wa pili ukisikiliza vizuri kuna mtu anamwita Yesu nje ya noti.

Nimeapa. Siku hizi mtu akiniuliza njia, hata ya kwenda sokoni, nasema sijui, tuulize. Na mkwe wangu akija, kabla hatujainuka kwenda popote namuuliza magoti yanaendeleaje, naye ananiambia ukweli, yanauma, tena yanauma sana, basi tunakaa.